Hedhi Ikivurugika au Mimba Ikichelewa, Anza na Tezi ya Shingo: Mwongozo kwa Wakazi wa Kigoma

Maswali yanayotufikia ni yale yale. Mmoja ameambiwa homoni zake zimevurugika na anataka kujua anunue dawa gani. Mwingine anatokwa na maziwa wakati mtoto wake wa mwisho yuko darasa la pili. Wa tatu ana goita ndogo, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, mama mkwe amekwisha kuhesabu miezi, naye anauliza kama atashika mimba. Wapo pia akina baba walioambiwa kuwa mbegu zao ni dhaifu, na hakuna aliyewahi kuwagusa shingo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, hasa walioko Kigoma Mjini, Ujiji, Uvinza, Kasulu, Buhigwe, Kakonko na Kibondo, na jirani zetu wa Tabora wanaweza kuufuata bila kubadili kitu. Msimamo wake ni kwamba hakuna sababu ya kununua dawa yoyote ya kurekebisha homoni za uzazi, iwe ya duka la dawa au ya chupa inayopigiwa debe sokoni, kabla ya kujua tezi yako ya shingo inafanyaje kazi. Si kila hedhi iliyovurugika inatokana na tezi hiyo, na kwa kweli wengi watakaopima watakuta iko salama. Lakini ni miongoni mwa sababu chache zinazogunduliwa kwa kipimo cha damu na kutibika kwa kidonge, na inasikitisha kuona familia imemaliza akiba kwenye dawa za kusafisha kizazi huku kipimo hicho hakijafanywa.

Maelezo machache ya lazima

Tezi hiyo ya shingo huitwa thairoidi, nayo imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Hutumia madini joto kutengeneza homoni mbili, T4 na T3. Msimamizi wake ni pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo hutuma homoni iitwayo TSH: T4 ikipungua, TSH hupanda ili kuisukuma tezi, T4 ikizidi, TSH hushuka. Pituitari hiyo hiyo ndiyo inayotoa FSH na LH, ambazo hukuza yai na kulitoa, na pia prolaktini, ambayo hutengeneza maziwa.

Tezi inapofanya kazi chini ya kiwango, ubongo huongeza ishara ya kuiamsha pituitari, na ishara hiyo hupandisha TSH na prolaktini kwa pamoja. Prolaktini iliyopanda huzuia mapigo ya FSH na LH, yai halikomai au halitoki, na projesteroni, homoni inayoandaa kizazi kwa mimba, haitengenezwi ya kutosha. Ndiyo sababu mwanamke anaweza kupata hedhi nzito ya siku nyingi, au ikakatika kabisa, au akatokwa na maziwa bila kunyonyesha. Tezi inapozidisha kazi, ini huongeza protini inayoshika homoni za jinsia ndani ya damu. Hedhi huwa nyepesi, huchelewa au hukosekana. Kwa mwanamume sehemu kubwa ya testosteroni, homoni ya kiume, hushikwa na protini hiyo, nyingine hugeuka estrojeni, homoni ya kike, na matiti yanaweza kuvimba.

Andaa haya kabla ya kwenda hospitali

- Daftari lenye tarehe za hedhi tatu zilizopita: ilianza lini, iliisha lini, ulibadilisha pedi au vitambaa mara ngapi kwa siku ilipokuwa nzito.
- Majina ya dawa zote unazotumia, pamoja na za uzazi wa mpango, za mitishamba, na vitamini za nywele na kucha. Ukishindwa kuandika, beba makasha yenyewe.
- Historia ya uzazi: mimba ngapi, zilizoharibika ngapi na za miezi mingapi, na kama ulitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua.
- Kipimo cha mimba cha mkojo.
- Kadi ya bima ya afya kama unayo, na fedha za akiba, kwa kuwa si kila kituo hupima homoni na huenda sampuli ikasafirishwa.
- Mwenzi wako. Kumwacha nyumbani ni kupima nusu ya tatizo.

Hatua kwa hatua

1. Ondoa kwanza sababu zilizo wazi. Pima mimba, hata kama una hakika huna. Kama unanyonyesha, prolaktini yako iko juu kwa haki yake na hedhi inaweza kukawia. Kama ulichoma sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, fahamu kuwa hedhi huvurugika wakati wa kuitumia, na uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua takriban miezi kumi tangu sindano ya mwisho kabla ya kurudi. Kijiti nacho huleta matone yasiyo na mpangilio. Haya hayakuzuii kupima tezi, ila yatamzuia daktari asipotee njia.

2. Pambanua dalili zako. Andika katika daftari lile lile dalili zozote ambazo hazihusu uzazi, maana hizo ndizo zinazoelekeza kwenye tezi. Tezi iliyolegea, yaani inayofanya kazi chini ya kiwango, huleta baridi wakati wenzako wanalalamikia joto la Kigoma, uchovu usioisha kwa usingizi, choo kigumu, ngozi kavu, sauti nzito, uso uliovimba asubuhi na uzito unaoongezeka bila kula zaidi. Tezi iliyozidi, yaani inayozidisha kazi, huleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, wasiwasi, kuharisha, kupungua uzito huku hamu ya kula ikiwa nzuri, na wakati mwingine macho kutokeza. Kosa la kawaida hapa ni kusoma orodha na kujithibitishia ugonjwa. Uchovu huletwa pia na upungufu wa damu, malaria na maisha yenyewe. Dalili zinakupa sababu ya kupima tu.

3. Itazame shingo. Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, meza funda la maji. Uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na kumeza, chini ya kongomeo, huenda ni wa tezi. Usiuminye wala kuukanda kwa mafuta ya mawese yenye moto. Kumbuka pia kwamba goita haisemi kama tezi imelegea au imezidi: mtu anaweza kuwa na goita kubwa na homoni zikawa sawa, na mwingine akawa na shingo laini huku tezi yake imekwisha kulegea.

4. Omba kipimo sahihi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ueleze ulichoandika, uombe rufaa ikiwa hawapimi. Kwa wa Kigoma rufaa huelekea hospitali ya Maweni, kwa wa Tabora huelekea hospitali ya Kitete, na juu yake ni hospitali ya Bugando kule Mwanza. Uliza kabla ya kusafiri kama kipimo kinafanyika siku hiyo au sampuli hutumwa mbali, na majibu huchukua muda gani. Swali hilo litakuokolea nauli ya kutoka Kibondo mara ya pili.

Kipimo cha kuanzia ni TSH. Kikiwa nje ya kiwango huongezwa T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini. Sisitiza neno "huru", kwa sababu mimba na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza protini inayobeba T4, na kipimo cha T4 yote kinaweza kuonekana kimepanda wakati tezi haina tatizo. Daktari anaweza kuongeza kipimo cha kingamwili za tezi, yaani kinga ya mwili inayoishambulia tezi yenyewe, hasa kwa aliyepoteza mimba zaidi ya mara moja. Ultrasaundi ya shingo ni ya kuangalia umbo na uvimbe. Haielezi homoni, hivyo usikubali kuifanya mbadala wa TSH.

Homoni za uzazi zina siku zake: FSH na LH hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi, na projesteroni kama siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. TSH haijali siku ya mzunguko. Anayekutoza fedha za kifurushi kizima cha homoni katika siku yoyote uliyotokea, bila hata kukuuliza hedhi yako ilianza lini, anakuuzia namba zisizosomeka.

5. Jiandae kwa siku ya kutoa damu. Nenda asubuhi, kwa kuwa TSH hushuka mchana, na ukirudia kipimo rudia katika muda ule ule. Vitamini zenye bayotini nyingi, zile za kukuza nywele na kucha, ziache angalau siku mbili kabla, maana huvuruga mashine nyingi za maabara na zinaweza kumfanya mtu mzima wa afya aonekane ana tezi iliyozidi. Kama tayari unatumia dawa ya tezi, itwae baada ya damu kutolewa. Ukiwa na homa kali au umelazwa kwa ugonjwa mwingine, subiri upone kama daktari hana haraka. Ugonjwa wowote mzito hutikisa vipimo hivi.

6. Yasome majibu pamoja na daktari. Kwa mtu mzima asiye na mimba kiwango cha TSH kwa kawaida ni kati ya 0.4 na 4.0 (mIU/L), lakini kinachotawala ni kiwango kilichochapwa kwenye karatasi ya maabara yako.

TSH ya juu na T4 huru ya chini inamaanisha tezi imelegea, na tiba inahitajika. TSH iliyozidi kidogo, tuseme kati ya 4 na 10, huku T4 ikiwa sawa, ni hali hafifu ambayo mara nyingi hurudiwa kupimwa baada ya wiki kadhaa. Anayetafuta mimba au aliyepoteza mimba anaweza kuanzishiwa dawa mapema kuliko mwingine, kwa hiyo taja jambo hilo wazi wala usione haya. TSH ya chini kabisa na T4 ya juu ni tezi iliyozidi. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza asitishwe na TSH iliyoshuka kidogo, kwani homoni ya mimba yenyewe huichochea tezi.

Makosa mawili huonekana sana katika hatua hii. La kwanza ni kulinganisha majibu yako na ya jirani aliyepima maabara nyingine. La pili ni kubwa zaidi: mwanamke anakutwa na prolaktini iliyopanda, anaandikiwa bromokriptini, dawa ya kuishusha, siku hiyo hiyo, na TSH haijapimwa. Ikiwa chanzo ni tezi iliyolegea, prolaktini kwa kawaida hushuka yenyewe tezi inapotibiwa. Ukipewa dawa ya kushusha prolaktini, uliza kwa upole: "Daktari, TSH yangu ikoje?"

7. Meza dawa kwa utaratibu, si kwa kukumbuka. Tezi iliyolegea hutibiwa kwa levothairoksini, ambayo ni T4 ile ile ya mwili iliyotengenezwa kiwandani. Wengi huitumia maisha yao yote, na hilo lisikutie unyonge. Inamezwa mara moja kwa siku, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Kahawa, maziwa na uji wa soya vipishane nayo.

Vidonge vya kuongeza damu ni miongoni mwa vinavyoharibu tiba hii sana, na kila mjamzito anapewa kliniki. Madini ya chuma hushikamana na levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Vivyo hivyo kalisiamu na dawa za kupunguza asidi. Weka angalau saa nne kati yake: dawa ya tezi alfajiri, vidonge vya damu baada ya chakula cha mchana au usiku. Hakuna sababu ya kuacha kimoja kati ya hivyo viwili. Vyote ni vya muhimu, tofauti ni saa tu.

Hifadhi dawa mahali pakavu, pasipo jua wala joto. Kabati la chumbani ni bora kuliko dirisha la jikoni, na haifai kuiacha ndani ya gari linaloshinda juani. Nunua akiba kabla haijaisha, hasa masika, barabara zinapoharibika.

Usitegemee hedhi kurekebika wiki ya kwanza. Dozi mpya huhitaji wiki 6 hadi 8 ndipo TSH ionyeshe ukweli, kwa hiyo kurudia kipimo baada ya wiki mbili ni kupoteza fedha. Na usiongeze dozi mwenyewe ili upungue uzito: levothairoksini nyingi hupeleka moyo mbio, huvuruga hedhi upya na hudhoofisha mifupa.

Tezi iliyozidi hutibiwa kwa kabimazoli au propilthiourasili, na wengine huishia kwenye upasuaji au madini joto ya mionzi. Anayetumia kabimazoli na anataka mtoto lazima aseme kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa hiyo katika wiki za mwanzo inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile, na daktari hupenda kumbadilishia. Aliyetibiwa kwa mionzi huzuia mimba kwa angalau miezi 6. Tiba hiyo haitolewi kabisa kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Ukitumia kabimazoli au propilthiourasili kisha ukapata homa na vidonda vya koo, usinunue antibiotiki. Acha dawa, nenda siku hiyo hiyo ukapimwe chembe nyeupe za damu, kwa kuwa dawa hizi mara chache huziangusha kiasi cha kuhatarisha maisha.

8. Panga mimba kwa tarehe. Kama unatumia levothairoksini, madaktari wengi hupenda TSH iwe chini ya 2.5 kabla ya kuanza kutafuta mtoto. Kubaliana mapema na daktari utafanya nini kipimo cha mimba kikionyesha mistari miwili, maana mahitaji ya dawa hupanda kwa takriban robo hadi nusu, na kupanda huko huanza mapema, wiki ya 4 hadi ya 6, wakati wanawake wengi bado hawajafika kliniki. Utaratibu unaotumika mara nyingi ni kuongeza vidonge 2 kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, mara mimba inapothibitika, kisha kupima TSH kila baada ya wiki 4 hadi katikati ya ujauzito. Uwe na idhini hiyo kwa maandishi kabla ya siku yenyewe.

Lililo baya kuliko yote ni kuacha dawa kwa hofu ya kumdhuru mtoto. Mtoto aliye tumboni hutegemea T4 ya mama katika miezi ya mwanzo, kabla tezi yake haijaanza kazi, na ubongo wake hujengwa kwa homoni hiyo. Shangazi akikushauri uache vidonge vyote ukiwa mjamzito, mshukuru, kisha endelea kumeza.

9. Rekebisha jikoni, kwa kiasi. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha 250. Njia ya kawaida ya kuyapata ni chumvi iliyoongezwa madini joto. Chumvi ya Uvinza ni sifa ya mkoa wetu tangu zama za mababu, lakini chumvi yoyote inayopimwa kwa kikopo sokoni bila lebo haikupi uhakika kama imeongezwa. Tafuta maandishi kwenye pakiti, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, na itie chakula kikikaribia kuiva. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika ni protini nzuri sana, ila wasikudanganye: samaki wa maji baridi hawana madini joto kwa wingi kama wa baharini.

Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huacha mwilini kemikali inayozuia tezi kunyonya madini joto, na madhara huonekana hasa pale madini joto yenyewe ni haba. Muhogo uliolowekwa kwa siku kadhaa na kukaushwa juani hauna shida hiyo kwa kiwango cha kutisha. Huna haja ya kuacha ugali wako. Epuka upande wa pili pia: unga wa mwani na matone ya madini joto yanayouzwa kama tiba ya goita yanaweza kuilegeza au kuiwasha tezi iliyokwisha kuwa na ugonjwa.

Mambo yakikwama

*Nameza dawa lakini TSH haishuki.* Kabla ya kuongezewa dozi, chunguza saa za kumeza, vidonge vya damu, siku zilizorukwa, na joto la mahali dawa ilipokaa. Aliyeanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni anaweza kuhitaji dozi kubwa zaidi.

*TSH imekuwa sawa, hedhi bado haieleweki.* Ipe mizunguko kama mitatu. Ikibaki hivyo, tezi si mkosaji pekee. Hapo ndipo prolaktini, ovari zenye vifuko vingi, uvimbe wa kizazi na mirija huangaliwa. Mwenye chini ya miaka 35 hufanyiwa uchunguzi wa ugumba baada ya mwaka wa kujaribu, aliyevuka umri huo baada ya miezi 6.

*TSH yangu ni ya kawaida, ila tangu nijifungue sikupata maziwa na hedhi haijarudi.* Ikiwa ulitokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, sema hivyo kwa sauti. Pituitari inaweza kuwa imeumia, na pituitari iliyoumia haiwezi kupandisha TSH hata T4 ikiwa chini, kwa hiyo TSH peke yake hudanganya. Omba T4 huru na vipimo vya homoni nyingine za pituitari. Hapa levothairoksini haianzishwi kabla ya kujua hali ya kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, kwani kufanya hivyo kunaweza kumwangusha mgonjwa.

*Nimejifungua miezi michache iliyopita, moyo unakimbia, kisha sasa nimechoka kupindukia.* Tezi inaweza kuvimba ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua, ikazidi kwanza na kulegea baadaye. Wengi hupona, lakini lazima ifuatiliwe, na si sahihi kuiita uvivu wa mzazi.

*Nimesahau kidonge cha jana.* Levothairoksini hukaa mwilini kwa siku nyingi, hivyo siku moja haiharibu kitu. Endelea na ratiba, na umwambie daktari ikiwa umeruka siku nyingi.

*Mume ametibiwa tezi, mbegu bado ni dhaifu.* Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo kipimo cha manii kirudiwe kama miezi mitatu baada ya homoni za tezi kutulia, si baada ya kumaliza pakiti ya kwanza. Muda huo asitumie dawa za kuongeza nguvu wala testosteroni ya sindano, ambayo inaweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.